Nani atasahihisha?

Mwaka huu wanafunzi wetu wa uzamili wa uchumi walipojaza fomu za kozi za kuchagua, watatu walitaka uchumi wa afya, wawili uchumi wa fedha, na mmoja, kijana mbishi wa Kyela, akaandika peke yake uchumi wa viwanda. Idara yetu ina walimu wenye uzamivu wa kuhesabika, na karibu wote wanabeba pia madarasa ya mwaka wa kwanza, yale ya mamia ya vijana ambapo wanaochelewa wanaandika noti wakiwa wamesimama mlangoni. Kwa hiyo kozi ya kuchagua, ukweli wake, ni ile ambayo mwalimu wake yupo. Wote sita watasoma uchumi wa maendeleo.

Jibu hilo nimelitoa mimi, maana zamu ya ukuu wa idara ndiyo imeniangukia. Lakini uchumi wa viwanda mimi niliusoma, tena nikitokea idara ndogo kuliko hii. Niliusomea Nairobi, kwenye mpango ambao waliopita pale wanauita JFE, Joint Facility for Electives, yaani kituo cha pamoja cha kozi za kuchagua. Wanafunzi wangu wakisikia herufi hizo wanadhani ni timu ya ligi daraja la kwanza.

Habari yenyewe inaanzia kwenye African Economic Research Consortium, AERC kwa kifupi, iliyoanzishwa 1988 na makao yake yakawa Nairobi. Kumbukeni hali ya miaka ile: nchi zimeelemewa na madeni, wataalamu wa IMF na Benki ya Dunia wanashuka uwanja wa ndege na mipango yao ya kurekebisha uchumi, na upande wetu wa meza wachumi wa kubishana nao kwa hesabu ni wachache. Vyuoni mshahara wa mwalimu ulikuwa haufiki katikati ya mwezi. Wengine walihama nchi, wengine wakafuga kuku. AERC ilianza na utafiti, ikitoa ruzuku ndogo kwa watafiti na kuwakutanisha mara mbili kwa mwaka. Mwaka 1993 likaja la pili, shahada ya uzamili ya pamoja.

Mpango ulikuwa hivi. Kila chuo kinafundisha kwake masomo ya lazima: maikro (uchumi wa kaya na kampuni), makro (uchumi wa nchi nzima), na hesabu pamoja na takwimu. Yakiisha, wanafunzi wa vyuo vyote wanakusanywa Nairobi kwa miezi kadhaa kusoma kozi za kuchagua, wakifundishwa na maprofesa walioazimwa huku na huko. Wanafunzi watatu wa Dar es Salaam, wanne wa Makerere, wawili wa Zomba kule Malawi, kadhaa wa Addis Ababa na Gaborone, na darasa ambalo hakuna idara ingethubutu kulifungua peke yake linajaa. Baada ya hapo kila mtu anarudi kwao kuandika tasnifu. Chuo ambacho hakijatimiza vigezo, kwa mfano hakina walimu wa kutosha wenye uzamivu, kinapeleka wanafunzi wake wakasome kwa jirani.

Watu wakisimulia mpango huu husimulia wafadhili, na kweli pesa ilihitajika. Ila pesa pekee haimfanyi mkuu wa idara akubali mtu wa chuo kingine afungue bahasha yake ya mtihani. Hapo ndipo ninapoiona kazi kubwa waliyoifanya wakuu wa idara wa wakati ule. Waliketi kwenye bodi moja ya taaluma, wakakubaliana mtaala mmoja, kisha wakakubali kwamba maswali yao na usahihishaji wao utapitiwa na wenzao. Ukiwajua maprofesa wa Afrika Mashariki, wewe mwenyewe utapima uzito wa jambo hilo.

Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo, cha kupitia mitihani ya vyuo zaidi ya kimoja. Swali la kwanza la makro lilikuwa, "Eleza modeli ya Solow," ile inayoeleza uchumi unavyokua. Profesa mmoja kutoka Kampala akavua miwani. "Eleza? Hapo mwanafunzi atamwaga daftari lote, na ninyi mtampa alama kwa kukumbuka." Tukalivunja. Likawa: kiwango cha akiba kimepanda ghafla, onyesha pato kwa kila mfanyakazi linapita wapi mpaka litulie tena, na useme kwa nini ukuaji wa muda mrefu haubadiliki. Swali lilelile, lakini sasa aliyekariri na aliyeelewa wameachana.

Kisha zikaja karatasi zenyewe. Mwanafunzi mmoja alikuwa amepewa 71 na mwalimu wake, mzee mwenye mvi na jina kubwa nchini kwake. Msahihishaji wa pili, dada mdogo aliyemaliza uzamivu juzijuzi, ameandika 58. Chumba kikanyamaza. Mzee akasema, "Soma jibu la tatu kwa sauti, Dokta." Akalisoma. Mchoro ulikuwa safi, maelezo chini yake yalikuwa ya mchoro mwingine. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akachukua kalamu, akaandika 60 na kusaini pembeni. "Tuendelee," akasema, na chai ikaletwa. Sijawahi kuona mkataba wa ushirikiano wa vyuo wenye thamani kuliko saini ile. Mikataba mingine tunaijua: wakuu wa vyuo, maua ya plastiki mezani, kalamu mbili za gharama, picha ya kushikana mikono, na baada ya miaka mitano muda wake unaisha bila hata mwanafunzi mmoja kuvuka mpaka.

Mikutano ya utafiti ya AERC nayo ina ukali wake. Unawasilisha pendekezo, unarudi na kazi iliyofika nusu, unarudi tena na ripoti ya mwisho, na waliokuuliza mara ya kwanza wapo pale wanakungoja. Mama mmoja profesa alimwambia kijana aliyekuwa akichambua mfumuko wa bei: "Mwanangu, data zako zimeishia 2015 lakini hitimisho lako limefika mwaka huu. Limepita njia gani?" Ukumbi ulicheka, kijana akacheka pia, ila safari iliyofuata alikuja na data mpya.

Mwaka 2002 ukaongezwa uzamivu wa pamoja, na 2005 uzamili wa uchumi wa kilimo ambao wanafunzi wake walikwenda Pretoria kwa kozi za kuchagua. Nchi zinazofundisha kwa Kifaransa nazo zilikuwa na mpango wao, PTCI, makao yake Ouagadougou.

Wanaoutetea mtandao huu hupenda kutaja vigogo. Benno Ndulu alitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaiongoza AERC miaka ya tisini, kisha akawa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia 2008 hadi 2018. Alifariki Februari 2021. Njuguna Ndung'u alipita upande wa pili: alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya kwanza, akaja kuiongoza AERC, na 2022 akateuliwa kuwa waziri wa fedha. Majina mazuri, sina neno. Mimi hunigusa zaidi yule asiyetajwa, aliyeko ofisi ya bajeti wizarani, ambaye akiletewa makadirio ya mapato na mshauri wa nje anafungua jedwali na kuuliza namba hii umeitoa wapi.



Nimewaandikia wakuu wa idara wawili wa vyuo jirani, nikapendekeza tuunganishe kozi moja ya kuchagua kwa Zoom, Ijumaa mchana, kila chuo kichangie mwalimu kwa zamu. Wa kwanza alijibu kwa kuuliza mwalimu atalipwa posho kiasi gani kwa kipindi. Wa pili akauliza nani atatunga mtihani, nani atasahihisha, na alama zikipishana tutafanyaje. Huyu wa pili nilimpigia simu jioni hiyohiyo. Kozi ya pamoja tumeiweka mwakani, kwa sababu seneti zetu zote mbili hazina haraka. Kwa muhula huu tunabadilishana karatasi za makro: zake zinakuja kwangu, zangu zinakwenda kwake kwa basi la usiku, zimefungwa na kupigwa lakiri. Walimu wangu wawili wameshakuja ofisini kulalamika, na mmoja ameomba kuhamishiwa kufundisha historia ya fikra za kiuchumi.