Nilivyoipima damu ya kongosho la mbwa hapa Mbeya

Mbwa akitapika siku mbili mfululizo, wengi hapa Mbeya husema kalishwa sumu. Mzee mmoja mwenye kibanda cha kitimoto kule Soweto alimleta wake kwa maelezo hayo hayo. Nikamuuliza anakula nini. "Huyu anakula vizuri, daktari. Mafuta yote yanayobaki kwenye karai ni yake." Mbwa mwenyewe alikuwa ameinamisha kifua sakafuni, makalio juu, tumbo hataki liguswe. Hapo nikaanza kulishuku kongosho, nikataka kuona damu inavyopita ndani yake.

Mashine yangu ya altrasaundi ni ile ndogo ya kubeba, yenye Doppler ya rangi, yaani inayoonyesha mwendo wa damu kwa rangi. Inatosha, ila kongosho la mbwa lina ujanja wa kujificha: ni jembamba, linafanana na mafuta yaliyolizunguka, na gesi ya utumbo hulifunika. Mimi huanzia kwenye figo la kulia, kisha natafuta duodenamu, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, inayoshuka karibu yake. Ubavuni mwa duodenamu, upande wa ndani, kuna veni, mshipa wa kurudisha damu moyoni, inayokwenda sambamba nayo, na nyama iliyoizunguka veni hiyo ndiyo tawi la kulia la kongosho. Tawi la kushoto liko nyuma ya tumbo la chakula kuelekea wengu. Kwa mbwa mwenye maumivu silihangaikii sana.

Kabla ya yote nampa dawa ya maumivu. Mbwa anayehema kwa nguvu anatingisha picha, rangi inamwagika skrini nzima na huoni kitu. Asubuhi za Julai kuna tatizo jingine: jeli baridi ikigusa tumbo lililonyolewa, linakaza kama ubao. Kwa hiyo chupa ya jeli inakaa kwanza kwenye maji ya moto. Mzee nilimweka kichwani kwa mbwa wake, amshike masikio na kumsemesha. Alimsemesha Kinyakyusa, na mbwa akatulia.

Mashine nyingi huja zimepangiwa mishipa mikubwa, lakini damu ndani ya kongosho huenda polepole. Niliteremsha kipimo cha kasi kwenye mashine hadi rangi ikajitokeza, nikapandisha usikivu hadi chenga zikaanza kuonekana, kisha nikaurudisha kidogo. Ukitaka kasi yenyewe kwa sentimita kwa sekunde, pembe kati ya miale ya sauti ya mashine na mshipa isizidi nyuzi 60. Ikikaribia 90, mashine haioni mwendo wowote hata kama damu inakimbia.

Sasa, je, kasi hiyo inageuzwa kuwa mililita za damu kwa dakika? Hesabu yake ni rahisi: mshipa wenye kipenyo cha milimita 3, damu ikienda kwa wastani wa sentimita 20 kwa sekunde, hupitisha kama mililita 85 kwa dakika. Lakini kosea kipenyo kwa asilimia 10 tu, yaani milimita 0.3, na jibu linapotoka kwa kama asilimia 20. Tena kongosho hulishwa na matawi ya ateri mbili zinazotoka kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, na matawi hayo hayo yanalisha tumbo na duodenamu pia. Maabara za utafiti zilipata kipimo cha kongosho peke yake kwa kuingiza moyoni mwa mbwa vitufe vya mionzi vya kama mikromita 15, vinavyonasa kwenye kapilari, mishipa myembamba kuliko yote, kisha kuhesabu mionzi ndani ya nyama iliyokatwa. Kipimo kizuri, ila mbwa harudi nyumbani.

Kwa hiyo mililita nikaziacha, nikamlinganisha mbwa na nafsi yake. Siku ya kwanza tawi la kulia lilikuwa limevimba na kuwa jeusi, mafuta ya pembeni meupe pee, rangi ya damu ikiwa nukta chache. Nikamwekea dripu, maana mwili uliokaukiwa maji hulinyima kongosho damu. Kesho yake, mahali pale pale na mipangilio ile ile, nukta zilikuwa zimeungana kuwa vijistari. Sehemu ambayo ingebaki tupu ingenitia wasiwasi kwamba nyama imeanza kufa, ingawa Doppler ya kawaida pekee haitoshi kuthibitisha hilo.

Alipoacha kutapika tulimwanzishia wali mlaini na kuku aliyechemshwa bila ngozi, kidogo kidogo. Picha zake nimezihifadhi, na kando ya kila moja nimeandika kipimo cha kasi, pembe, na kama alikuwa ametulia au anahema.