Hadithi niliyoikatisha katikati: siku moja na Gredi ya Nne

Saa kumi na moja u nusu, baada ya kuswali Alfajiri, nilifuta sehemu ya mwisho ya andalio langu la somo la sira, yaani historia ya maisha ya Mtume Muhammad. Kwa miaka mingi nimewasimulia watoto wa shule yetu ya Kiislamu hapa Mombasa kila kisa hadi mwisho, kisha nikawauliza majina, nao wakayataja yote pasipo kufikiri lolote.

Saa mbili na dakika ishirini niliingia darasani na jiwe lenye ukubwa wa dafu, nikaliweka mezani juu ya leso. Nilieleza jinsi Makureshi, kabila la Makka, walivyoijenga upya Alkaaba, Mtume (S.A.W.) akiwa na umri wa miaka 35, na jinsi koo zilivyogombania heshima ya kuliweka Jiwe Jeusi mahali pake, hata wakakubaliana kwamba atakayeingia wa kwanza ndiye atakayewaamua. Akaingia yeye. Hapo nikanyamaza, nikauliza, "Nyinyi mngeamua vipi?"

Kundi moja lilitaka kura ipigwe. "Lakini ustadha, atakayekosa si atabaki na kinyongo?" akapinga mwenzao. Kundi la nyuma likapendekeza kila ukoo ushike jiwe kwa kidole kimoja, walipojaribu, likawaponyoka. Ndipo msichana ambaye huongea kwa nadra akaivuta leso kwa pembe moja, akawaita wenzake watatu, wakalinyanyua jiwe pamoja. Nilipowaambia kwamba Mtume alitandika nguo, viongozi wa koo wakaishika na kuinyanyua, naye akaliweka jiwe kwa mkono wake, darasa zima lilipiga takbiri.

Wakati wa mapumziko mwenzangu alinitahadharisha kwamba dini si mahali pa kila mtu kuja na lake. Wasiwasi wake ni wa haki: rakaa za Adhuhuri ni nne, na simwombi mtoto azibuni upya. Lakini kupatanisha watu na kugawana kilichopo ni mambo yanayotaka akili, na sira imejaa mifano yake.

Saa saba kasoro robo, wavulana wawili wa darasa hilohilo walisukumana kwenye mfereji wa kutilia udhu. Sikuwaamua, niliwauliza tu, "Leso yenu hapa ni ipi?" Wakatazamana, mmoja akachota maji kwa kopo akammiminia mwenziwe, kisha wakabadilishana.

Saa kumi nilisahihisha madaftari, nikitoa alama kwa sababu walizoandika zaidi ya jibu lenyewe. Kesho nina mkondo wa pili. Leso nitaiacha mkobani, nione watakachokitafuta wenyewe.