Mshale Mmoja, Kazi Moja: Mchoro wa Matawi ya Matoleo

Mgeni kwenye mradi hufungua ukurasa wa matoleo akiwa na swali moja: hitilafu hii niirekebishe kwanza kwenye tawi gani, yaani mkondo upi wa msimbo? Mara nyingi anakutana na mchoro wa matawi, wenye mistari ya rangi na mishale inayokatizana, na jibu halimo.

Tatizo kubwa ni mishale. Ndani ya Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, kila komiti (hali ya msimbo iliyohifadhiwa) humwelekea mzazi wake, yaani nyuma, wakati mchoraji anawaza muda unaokwenda mbele. Yakichanganywa, msomaji hajui mshale unasema nini. Acha ukoo wa komiti uwe mistari mitupu. Mshale uonyeshe tu badiliko limetoka wapi na kwenda wapi.

Waliokulia migombani huku Moshi wanaujua mfongo, mfereji wa maji: unachepushwa kutoka mtoni, na kazi yake inaishia shambani. Tawi la toleo katika miradi mingi ndivyo lilivyo. `release/2.3` linachepuka kutoka `main`, tawi kuu, linapata tegi (alama ya jina la toleo) 2.3.0, kisha 2.3.1, linafungwa. Rekebisho huanzia `main`, halafu hunakiliwa kwa `git cherry-pick -x`. Hiyo `-x` huandika kwenye ujumbe namba ya komiti ya asili. Kwa hiyo mshale ushuke kutoka `main` kwenda tawini, usirudi. Wanaoupinda urudi aghalabu wamenakili mchoro wa git-flow, utaratibu wa matawi wa Vincent Driessen wa mwaka 2010, ambako tawi la toleo kweli hurudi. Huo ni utaratibu mwingine, na mwaka 2020 yeye mwenyewe aliongeza dokezo kwamba programu za wavuti zinazotolewa mfululizo zinafaa utaratibu mwepesi zaidi.

Usichore kwa kukumbuka. `git merge-base main release/2.3` hukupa mahali pa mchepuko, maadamu matawi hayo hayajaunganishwa tena baadaye. `git log --graph --oneline --decorate --all` huonyesha kila tegi ilipokaa, na hapo ndipo inapobainika kwamba 2.3.1 iko tawini ilhali mchoro umeiweka `main`.

Picha ya PNG huchakaa upesi, kwani anayetoa toleo jipya hana faili la asili. Andika `gitGraph` ya Mermaid, lugha ya kuchora kwa maandishi, ndani ya faili la Markdown (maandishi yenye alama nyepesi za mpangilio). GitHub huionyesha tangu 2022. Kuna mitego miwili. Komiti unayoinakili lazima uwe umeipa `id`, na tawi linalopokea liwe na angalau komiti moja.  Tena mahali pa kunakili Mermaid huweka alama ya cheri pamoja na ile `id`. Basi iandike isomeke: `id: "rekebisha-risiti"`, siyo `id: "a1"`.

Rangi usizitegemee peke yake. Mchoro ukichapwa kwenye duka la uchapaji kwa mashine ya nyeusi na nyeupe, kijani na nyekundu huweza kutoka kijivu kilekile. Chini yake weka jedwali la safu tatu: tawi, tegi ya mwisho, na hali yake, iwe “hai”, “usalama tu” au “limefungwa”.