Pikapu inalia baada ya kutoka gereji: anza na kilichoguswa

Pikapu iliyoingia gereji ikiwa kimya na kutoka ikilia imeshakupa nusu ya jibu. Kabla hujakubali difu (boksi la gia la ekseli ya nyuma) ishushwe, au uuziwe giaboksi nyingine ya kutoka Japani, muulize fundi mambo mawili: alitengeneza nini, na alifungua nini ili akifikie? Hilo la pili ndilo husahaulika. Kubadilisha klachi kwenye Hilux au D-Max maana yake propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu) imetolewa, maunti (kishikio cha mpira) ya giaboksi imefunguliwa, na giaboksi yenyewe imeshushwa. Mngurumo unaoanza siku hiyo huenda hauna uhusiano wowote na klachi mpya.

Kisha iendeshe, redio ikiwa imezimwa. Tafuta lami iliyonyooka: ukiwa Nakuru, vipande tambarare vya kuelekea Gilgil vinatosha, ukiwa Kisumu, nenda upande wa Ahero. Shika kilomita 60 kwa saa kwenye gia ya tatu, kisha ya nne, kisha ya tano, bila kubadilisha mwendo. Mlio ukipanda na kushuka pamoja na injini, tafuta mbele: injini, klachi, au upande wa giaboksi unaopokea nguvu ya injini. Ukibaki vilevile kwenye gia zote tatu, chanzo kiko nyuma ya giaboksi: propela, difu, beringi za magurudumu au tairi. Sipendi kipimo cha kuachia gari frii (bila gia yoyote) ikiwa mwendoni, na mteremko wa kutoka Sachangwan hadi Salgaa usiujaribu hata kidogo. Barabara ile imeua watu wengi. Kipimo cha gia kinakupa jibu lilelile ukiwa bado na breki ya injini.

Kama gari linatetemeka zaidi ya kulia, hesabu kidogo inasaidia. Tairi ya pikapu yenye mzingo wa mita 2.3 huzunguka karibu mara 10 kwa sekunde ukiwa kwenye 80. Difu ya uwiano wa 4.1, yaani mizunguko 4.1 ya propela kwa mzunguko mmoja wa tairi, inamaanisha propela inazunguka karibu mara 40 kwa sekunde hiyohiyo. Ndiyo maana tairi isiyobalansiwa hutikisa usukani na kiti polepole, mpigo baada ya mpigo, ilhali propela huleta mvumo mzito unaousikia sakafuni na mgongoni.

Propela ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka ya fundi. Ina krosi (kiungo cha umbo la msalaba) kila mwisho, na uma, yaani mikono inayoshika krosi, za ncha mbili za shafti moja lazima zilingane, yaani zikae kwenye mstari mmoja. Sehemu ya kuteleza, yenye meno na inayoiruhusu propela kurefuka na kufupika, ikichomolewa na kurudishwa ikiwa imeruka meno machache tu, uma hazilingani tena, na shafti itatikisika mara mbili kwa kila mzunguko. Hakuna kitu kilichovunjika, ila hutapata raha. Lala chini ya gari ukiwa na tochi, utazame uma kwa jicho. Fundi makini hupiga alama ya rangi kwenye flanji, uma na sehemu ya kuteleza kabla ya kugusa bolti ya kwanza, kisha hurudisha kila kitu kwenye alama yake.

Pikapu ndefu huwa na propela ya vipande viwili, na katikati kuna senta beringi iliyoshikwa na mpira. Mpira ukichanika, au bolti zake zikikazwa wakati beringi imevutwa upande, utasikia mvumo hasa unapoondoka na mzigo. Shika shafti karibu na hapo uisukume juu na chini: mpira unyumbuke kidogo, lakini beringi isicheze ndani yake wala kukwaruza ukiizungusha kwa mkono. Krosi nayo ipime kwa kushika pande zake mbili na kuzipinda kinyume. Mchezo wowote unaouona, au unga wa kutu mwekundu kwenye vikombe vyake, unatosha kuihukumu. Ule mlio wa "ko!" unapoingiza gia ya kurudi nyuma huanzia hapo mara nyingi, au kwenye meno ya kuteleza yaliyokauka grisi.

Sasa sili ya pinioni, gia ndogo inayoingiza nguvu ya propela ndani ya difu. Kazi hii inaonekana ndogo: difu inavuja kwa mbele, unaweka sili mpya, unaondoka. Lakini nati inayofunguliwa ndiyo inayoweka mkazo wa beringi za pinioni. Difu nyingi zina spesa laini (bomba fupi kati ya beringi hizo) inayominyika nati inapokazwa. Fundi akiikaza kwa bomba refu mpaka basi, spesa huminyika kupita kiasi, beringi hubanwa, difu huchemka na kuanza kulia kwa sauti nyembamba inayopanda na mwendo. Kuilegeza nati baadaye hakusaidii, kwa sababu spesa iliyominywa hairudi. Inatakiwa spesa mpya, kisha kukaza kidogo kidogo huku ukipima ugumu wa pinioni kuzunguka kwa kipimo cha torki, kwa takwimu za kitabu cha gari lako. Nati ikibaki legevu, pinioni hutembea na mlio hutoka zaidi unapoachilia mafuta. Kama difu ilifunguliwa yote, uliza kama nafasi kati ya meno ya pinioni na kraunwili (gia kubwa inayozungushwa na pinioni) ilipimwa kwa saa ya kupimia (dial gauge), na ilikuwa ngapi; kwenye difu nyingi za Hilux ni kati ya milimita 0.13 na 0.18. Fundi asiye na saa ya kupimia amekisia.

Oili nayo iangalie kabla ya yote hayo, gari likiwa mahali tambarare. Fungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ya kumwagia. Ya juu ikigoma kufunguka hutabaki na difu tupu. Kiwango kifike ukingoni mwa tundu. Difu inataka oili ya daraja la GL-5, kwa kawaida ya uzito wa 80W-90. Yenye LSD (difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure) inataka oili ya LSD, la sivyo itakwaruza na kugugumia kwenye kona za polepole.

Klachi ina kipimo rahisi, gari likisimama na injini ikinguruma. Sauti ikija unapokanyaga pedali, ni beringi ya kuachilia. Ikiwapo ukiwa frii na kutoweka unapokanyaga, ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi.

Kwa magurudumu, yumbisha gari taratibu kwenye barabara isiyo na watu. Ukikata kulia uzito huhamia kushoto; mvumo ukiongezeka, shuku beringi ya kushoto. Ukibadilika unapotoka lami kuingia murram, ni tairi. Mkwaruzo mwembamba baada ya kazi ya breki mara nyingi ni bati la vumbi (kinga iliyo nyuma ya diski ya breki) lililopinda.

Kwa wanaobeba viazi kutoka Molo, jambo moja zaidi. Ukiongeza majani ya springi, ekseli hukaa tofauti na pembe ya propela hubadilika. Mvumo unaosikika gari likiwa tupu na kupotea likipakiwa, au kinyume chake, unatoka hapo, na krosi mpya haitauondoa. Panahitajika vipande vya kabari kati ya springi na ekseli. Yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) nazo zikazwe tena baada ya safari chache za mzigo, kwa sababu majani mapya hujipanga na kuzilegeza.