Nimerudi msituni na baiskeli yangu ile ile ya zamani, na walionikataza waje waone

"Baiskeli haisahauliki," ndo wimbo nilioimbiwa na kila mtu. Ukisema unataka kurudi kwenye baiskeli za msituni baada ya miaka karibu ishirini ya kukaa ofisini Dar, mtu anakupiga bega, anakwambia aah wewe panda tu, mwili wenyewe utakumbuka. Aisee. Mwili unakumbuka kubalansi, basi. Mapafu yamesahau, mikono imesahau, kidole cha breki ndo kimesahau kabisa, na makalio hayana kumbukumbu yoyote ya jambo hilo. Ila nimerudi, naendesha, na kwenye mizizi nawaacha vijana wenye baiskeli za mamilioni, kwa hiyo leo mtanivumilia niongee.

Mimi ni wa Moshi. Ujana wetu tulikuwa tunashuka na baiskeli hadi Msitu wa Rau, tunazunguka humo mpaka giza. Kwa wasioujua, Rau uko upande wa chini wa mji, unaishi kwa maji ya ardhini, chemchemi zinatoka zenyewe, ndo maana hata kiangazi pale kuna kijani na kivuli wakati mashamba ya jirani yamekauka. Kuna mivule mikubwa mno, kuna miti ya msoo, juu kuna mbega na kima, na ukitokezea upande wa pili unakutana na majaruba ya mpunga. Mlima humo hamna, na watu wananicheka, eti baiskeli ya mlimani unaendesha tambarare. Waje waendeshe juu ya mizizi yenye unyevu iliyolala mshazari njiani, halafu ndo tuongee habari za mlima.

Baiskeli yenyewe niliuziwa mwishoni mwa miaka ya 90 na mzungu mmoja wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao. Fremu ya chuma, matairi ya inchi 26, breki zile za kubana rimu, shokapu mbele. Tangu nihamie Dar ilikuwa stoo kwa mama, imeegemea ukuta na magunia ya mahindi yameiegemea yenyewe. Siku nilipoitoa nje ukoo mzima ukawa mafundi. Shemeji akasema uza chuma chakavu, siku hizi watu wanaendesha inchi 29 na breki za diski, tafuta milioni mbili na ushee ununue kitu cha kueleweka. Jirani akaja na kopo la oili chafu ya gari, mwagia cheni hii, italainika. Hii ya oili chafu naomba niiseme kwa sauti maana nchi nzima inaifanya: oili nzito inashika vumbi na mchanga, inageuka kuwa msasa, inakula meno ya gia taratibu huku wewe unafurahi cheni haipigi kelele. Cheni yangu niliiosha na mafuta ya taa, nikaifuta, nikaiacha ikauke, nikadondoshea oili ya cherehani tone moja moja kwenye viungo, nikafuta tena ya nje. Ukiona cheni inang'aa oili kwa nje, umezidisha.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Pasua, mtaa wa hapa Moshi, kijana mdogo tu. Ananiona nakuja nakokota, anainuka kwa heshima zote: "Shikamoo mzee, hiyo umeleta kwa kilo?" Ile shikamoo iliniuma kuliko hiyo ya kilo. Nikamwambia marahaba, sijaleta kwa kilo, nataka itembee msituni. Akaigeuza juu chini, akazungusha rimu, akanyamaza kidogo akasema, "Mzee, hii fremu usiiuze, hizi zilikuwa zinatengenezwa kweli." Nikampenda hapo hapo. Ndiye mtu pekee aliyenipa ushauri wa maana kwenye habari hii nzima, wengine wote hasara.

Waya za breki na gia alibadilisha, bearing akapaka grisi, matairi nikapata ya mtumba yenye meno mazuri. Shokapu ilikuwa imeganda, ndani kuna mipira ambayo kwa umri ilishakuwa migumu, tukaiacha hivyo hivyo. Hayo yalikuwa rahisi.

Sasa upepo. Naomba niongee kuhusu upepo. Nikapita kwenye kituo cha mafuta nijaze, kijana wa pale akanishauri (sikumuomba) kwamba mtu mzito kama mimi lazima tairi lijae likaze kabisa, "ukiligonga lilie, mzee, ndo baiskeli inakuwa nyepesi." Akaweka psi 60 na kitu, hizo namba za kwenye geji ya upepo. Barabarani kweli ilikuwa nyepesi, nikashuka nayo Rau najiona bingwa. Nimeingia njia ya msitu, mzizi wa kwanza tu nikarushwa kama punje ya bisi. Wa pili gurudumu la mbele likatua sehemu ambayo sikulielekeza. Tairi lililokazwa hivyo haliukumbatii mzizi, linaudunda, na likidunda halishiki chochote, na kama mzizi una unyevu na umelala mshazari ndo linateleza sambamba nao. Nikaenda chini ubavu mzima, pu, kwenye matope meusi, mbele ya akina mama wawili wamebeba kuni. Mmoja akaweka mzigo chini kabisa ili acheke vizuri. Akaniambia, "Pole baba. Kwani gari limeharibika?" Nikasema hapana mama, nafanya mazoezi. Wakaangaliana.

Nilikaa chini ya mti pale pale, nikafungua upepo kidogo kidogo, fsss, najaribu kwa kidole gumba, nasogea hatua kadhaa juu ya mzizi ule ule, narudi, fsss tena. Na mzizi ule ule ulionitupa ukawa unapita chini yangu bila matata. Nyumbani nikapima kwa geji: mbele 30 hivi, nyuma 35 hivi, na mimi niko kilo tisini na ushee. Mwepesi ashuke zaidi. Ila usishuke hovyo kama una tyubu ndani, maana upepo ukiwa kidogo mno mzizi unaminya tyubu hadi kwenye rimu, inatoboka matobo mawili yanayotazamana. Ukiona mawili hivyo usihangaike kutafuta mwiba kwenye tairi, hakuna mwiba, ni upepo mdogo.

Basi nikadhani nimemaliza, kumbe breki. Breki zilikuwa zinashika lakini zinapiga kelele hadi mbega wanahama mti. Sitanii, wanahama. Mmoja akasema paka sabuni kwenye rimu, akili za wapi hizo, sabuni kwenye breki! Mwingine akasema badilisha breki zote weka diski, wakati fremu yangu hata pa kufungia diski haina. Fundi wangu wa Pasua akanionyesha kitu ambacho mpaka leo nakisimulia kwenye misiba. Kwanza akachukua msasa, akasugua mpira wa breki hadi ile ngozi ngumu inayong'aa ikaondoka, ukatokea mpira mweusi wenyewe. Akafuta rimu kwa spiriti mpaka kitambaa kikaacha kuchafuka. Halafu akalegeza nati ya mpira, akauliza, "Mzee, una vocha iliyokwanguliwa?" Nikajua anataka salio. Kumbe anataka karatasi ngumu! Akaikunja, akaipachika kati ya rimu na ncha ya nyuma ya mpira wa breki, akaniambia nibane breki nishikilie, akakaza nati, akachomoa vocha. Maana yake mpira sasa umeinama kidogo sana, ncha ya mbele inagusa rimu kwanza kabla ya ile ya nyuma. Akarudia mipira yote. Nikajaribu kwenye kale kamteremko karibu na kibanda chake: kimya. Kimya kabisa! Elfu tano nikampa kumi, na vocha ninayo kwenye pochi, mkitaka kuiona njooni.

Halafu kuna huu ushauri wa tangu utotoni, breki ya mbele usiguse utapinduka. Nimekua nao, watoto wetu wanakua nao, na ni uongo nusu. Ukifunga breki uzito wako wote unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi, linaburuzika tu na kuchora mstari kwenye udongo. Kinachokusimamisha ni la mbele. Wanaopinduka ni wale wanaoikaba ghafla huku wamekaa kitako na mikono imenyooka. Kidole kimoja au viwili, unaminya polepole, makalio nyuma ya siti, visigino chini. Kwenye mzizi wenyewe usifunge chochote, funga kabla, achia, pita. Na mzizi ukate moja kwa moja, usiupande kwa ubavu, hii nadhani nimeshaisema kwa njia ya kuanguka.

Siti nayo. Kwenye lami unaipandisha mpaka mguu ukaribie kunyooka, ni sawa, ila ukiingia njia ya mizizi ishushe vidole vitatu vinne ili upate pa kuchezea. Na usikalie! Simama kwenye pedeli, zote mbili ziwe usawa mmoja, magoti yalegee. Mapaja yatawaka moto wiki za kwanza, yaache yawake. Gia badilisha kabla hujaanza kupanda, sio umeshakwama katikati unakanyaga kwa hasira ndo unabadilisha, cheni itakatika na utatembea.

Haki niitende: mtoto wa shemeji anayo hiyo ya 29, akaniazima. Ni nzuri, nisidanganye. Gurudumu kubwa linaruka mzizi bila kuuliza, usukani mpana unatulia mkononi, diski hazijali matope. Ila yeye mwenyewe bado anaburuza gurudumu la nyuma kila kona, na hapo kwenye kona ndo nampita na chuma changu chakavu. Shemeji hatuongei sana siku hizi.

Kengele funga, ile mbovu mbovu ya zamani inatosha, maana njia za Rau si zako peke yako, kuna watu wanatoka shamba, kuna watoto. Na langoni lipa kiingilio, kwa Mtanzania ni elfu chache tu, usizunguke vichochoroni. Masika usiende, udongo unajaa kwenye breki mpaka gurudumu halizunguki, na njia mnaiharibu bure.

Gharama yote, fundi, matairi, waya, helmeti ya mtumba, ni kama laki na nusu, labda laki mbili ukihesabu na soda za fundi. Kinachoumiza kweli ni kurudi, kwa sababu Moshi nzima ni mteremko wa Kilimanjaro, ukishuka Rau kwa raha lazima upande kurudi nyumbani ukiwa umechoka, na bodaboda wanapita wanakuuliza, "Mzee tukusaidie?" Mwanzoni nilikuwa nakubali. Baiskeli tunailaza nyuma, naishika kwa mkono mmoja, tunapanda. Sasa hivi nawapungia tu.

Nalenga Kilema, ile njia ya Mlima Kilimanjaro ambayo baiskeli zinaruhusiwa kupanda hadi kambi ya Horombo, mita 3,720. Fundi anasema kabla ya hapo lazima tuifumue ile shokapu, tumtafutie mipira mipya mtu mzima mwenzangu. Tyubu za inchi 26 bado zipo soko la Mbuyuni hapa Moshi, ulizia zenye mdomo mnene wa kujazia upepo, ile myembamba pampu za vituo vya mafuta haziingii. Chukua mbili.