Waya wa Papa

Leo nimepasha moto kipande kimoja cha waya wa shaba mara tatu. Nakilaza juu ya makala ya mbabula (jiko la makaa) mpaka kiwe chekundu, kisha majini, chwaa! Chuma cha kisu ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu. Shaba yenyewe inalegea. Ukiigonga nyundo inakakamaa tena, na usipoirudisha motoni inapasuka.

Papa alikuwa fundi wa kusuka mota, yaani kuzungushia waya mpya ndani yake, hapa Kenya (kata yetu ya Lubumbashi, si ile nchi). Ni miezi minne sasa tangu atuache. Aliacha mota ya pampu katikati, na ukutani alama za chaki alizohesabia mizunguko, tano tano, zinaishia 47. Mwenye pampu alikuja siku ya tatu ya kilio, watu bado wako kwenye mikeka, akauliza kazi imefika wapi. Nilimchukia. Sasa simchukii sana, maji naye anayahitaji. Fundi mwingine akaimalizia. Mimi nikabaki na masalio ya waya, na ule ukuta sijaufuta.

Siku ya kumzika nilitaka kumwekea shaba kidogo mkononi. Huko Sanga, karibu na Ziwa Kisale, wachimbuaji wa mwaka 1957 walikuta wafu wa kale wamezikwa na misalaba ya shaba. Baba mdogo akanikatalia: "Watamfukua kesho tu wakauze." Iliniuma, lakini alisema kweli. Mji huu tunaujua.

Basi nasuka bangili. Kazi inayonichosha ni ya kwanza: kutoa vanishi ya waya kwa msasa, polepole, hadi rangi ya shaba itokeze. Saa nzima inapita sijawaza kitu. Halafu nasokota nyuzi tatu, nagonga, napasha, nagonga. Moto ukiiacha nyeusi naisugua kwa ndimu na chumvi. Mikwaruzo yote ya vidole vyangu inawaka. Nikilia wakati huo, kuna sababu ya kusingizia.

Ya kwanza ilitoka imepinda. Ya pili nilimpelekea Mama jana jioni. Aliivaa bila neno, akaigeuzageuza kwenye taa, nikadhani atalia.

"Inanibana," akasema. "Papa yako alikuwa anapima kwanza."

Ndiyo hiyo iko motoni sasa. Nimemwomba mkono wake, nimepima kwa uzi.