Jinsi tulivyoipatia jineri yetu ya pamba ulinzi wa kisheria

Ukitaja jengo la kihistoria, watu wengi hufikiria Fort Jesus au msikiti wa kale wa pwani. Jineri ya mabati yenye kutu, yaani kiwanda cha kutenganisha nyuzi za pamba na mbegu, haiwajii akilini. Mimi naamini mahali walipofanya kazi babu na mama zetu pana historia nzito kuliko nyumba nyingi za magavana, na ndiyo maana nililishikilia jambo hili.

Jineri yetu iko upande wa Nyanza. Pamba ilihimizwa huku wakati wa ukoloni, na nyuma yake kulikuwa na British Cotton Growing Association, chama kilichoundwa Uingereza mwaka 1902 ili viwanda vya Lancashire visitegemee mno pamba ya Marekani. Reli ilikuwa imeshafika Kisumu mwaka 1901, kwa hiyo marobota yalikuwa na njia ya kwenda Mombasa. Wengi wetu tulisomeshwa kwa pamba. Zao lilipoanguka, milango ikafungwa, na wanunuzi wa vyuma chakavu wakaanza kuulizia mashine.

Nilianzia kwenye Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006, kifungu cha 25. Waziri, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, anaweza kutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba jengo lenye umuhimu wa kihistoria ni la kulindwa, pamoja na ardhi inayolizunguka. Mwenye pingamizi hupewa miezi miwili kabla tangazo halijathibitishwa au kuondolewa.

Sasa, umuhimu huo unauonyeshaje? Picha na ramani zilikuwa kazi nyepesi. Nguvu ya faili letu ilitoka kwa wafanyakazi wa zamani. Niliwaomba watembee nami ndani, kuanzia mzani wa mlangoni hadi kwenye shindilio la marobota. Mzee mmoja aliyekuwa fundi alinionyesha rola iliyovikwa ngozi: inashika nyuzi na kuzivuta, kisu kilichotulia kinaizuia mbegu, nayo inaanguka chini. Karibu theluthi moja tu ya uzito ndiyo nyuzi; nyingine ni mbegu, iliyokwenda kukamuliwa mafuta. Mama mmoja aliyechagua pamba akaniambia, "Mwanangu, vumbi lile tulilala nalo kifuani." Hapo nikaelewa kwa nini paa lina matundu marefu kileleni na kwa nini sakafu ya mashine imeinuliwa. Kila sehemu ya jengo niliiandika pamoja na kazi yake na maneno ya aliyeifanya. Mashine tuliziombea zibaki mahali pake, maana zikitolewa, litabaki ghala kama maghala mengine.

Kazi ngumu ilikuwa kwenye mkutano wa ushirika wa wakulima, ambao ndio wenye kiwanja. "Wakishaandika gazetini, si itakuwa mali ya serikali?" aliuliza mzee mmoja, na wengi wakaitikia. Niliwasomea sheria yenyewe, kisha tukaizungumza kwa Kijaluo hadi kila mtu akaridhika: hati inabaki ya ushirika, ila hakuna tena kubomoa wala kubadilisha jengo bila idhini.

Pingamizi lilikuja hata hivyo, kutoka kwa wanachama waliotaka kuuza sehemu tupu ya kiwanja ili walipwe madeni yao ya miaka mingi. Madai yao yalikuwa ya haki. Tuliomba mpaka uchorwe upya, ukumbatie jineri, mzani na uwanja wa kuanikia pamba, na sehemu ile iachwe nje. Wakaondoa pingamizi, tangazo likathibitishwa.

Fedha hazikuja pamoja na tangazo, na paa bado linavuja. Kila mashine tumeipa namba na kuiingiza kwenye daftari la ushirika, ili hata boliti ikitoka ijulikane. Sasa tunatafuta fundi anayeweza kubadilisha mabati bila kuziba yale matundu ya vumbi.